Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika Yaliyompata: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Msikilize mwanafunzi akiwasimulia wenzake uwanjani jinsi alivyokimbizwa na mbwa. Mikono inarushwa, sauti zinabadilika, mbwa anabweka, mtoto anapiga yowe, wasikilizaji wanajishika mbavu. Kengele inalia. Anaingia darasani, anaambiwa aandike kisa kilekile, naye anakuletea hiki:

"Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba kwa sauti nyororo. Niliona mbwa. Niliogopa sana. Nilikimbia. Tangu siku hiyo nilijifunza kuwa mwangalifu."

Mbwa kapotea, na mtoto kapotea naye. Nimesahihisha maelfu ya insha za namna hii, na kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni msamiati. Nikawapa orodha za misemo, wakaikariri, na insha zikazidi kufanana. Siku hizi naamini kosa kubwa hutokea kabla kalamu haijagusa karatasi: tunampa mwanafunzi mada kubwa mno, halafu tunamtaka aandike kitu ambacho hajapata nafasi ya kukisema kwa mdomo wake.

Mwongozo huu unafaa darasa la watoto wa miaka tisa au kumi hadi vijana wa sekondari, na hata watu wazima wanaojifunza Kiswahili. Utahitaji vipindi vitano au sita vya dakika 40. Ukiwa na vitatu tu, punguza popote upendapo ila usiondoe hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: simulia cha kwako

Usianze kwa kueleza maana ya insha ya masimulizi. Anza kwa kusimulia jambo lililokupata wewe mwenyewe, dogo, na ikiwezekana la aibu kidogo. Mwanafunzi akimwona mwalimu amekubali kuchekwa, naye hupata ujasiri.

Mimi hutumia kisa cha siku yangu ya kwanza kufundisha. Niliingia darasani, nikaandika jina langu na tarehe ubaoni, nikaanza kueleza ngeli za nomino kwa bidii zote. Wanafunzi walinitazama kimya. Baada ya dakika kama kumi nikasikia mtu akikohoa. Nilipogeuka, mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia rula kubwa ya mbao. Akasema, "Endelea tu, Mwalimu, mimi nitasubiri."

Nilikuwa nimeingia darasa lisilo langu.

Kisa hicho hakifiki hata dakika mbili. Hakina ajali, kifo wala safari ya mbali, na hilo ndilo ninalotaka walione. Wanafunzi wengi huamini kwamba asiyepatwa na jambo kubwa hana la kuandika. Nikimaliza huwauliza, "Mmekumbuka nini?" Karibu kila mara jibu ni rula. Hakuna anayetaja tarehe. Basi naandika neno *rula* kwenye kona ya ubao na kuliacha hapo mpaka somo liishe, maana tutalihitaji.

Hatua ya pili: kutafuta kisa

Achana na mada ya "Siku nisiyoisahau". Inamwambia mtoto atafute siku iliyo kubwa kuliko zote, naye asipoipata huibuni au huazima ya jirani. Maswali madogo huvua samaki wengi zaidi. Mpe kila mmoja karatasi na dakika saba, aandike orodha tu, bila sentensi kamili, akijibu maswali kama haya:

- Una kovu gani mwilini, na ulilipataje?
- Kitu gani kilikupotea na bado unakiwaza?
- Ulimkosea nani ukashindwa kumwomba radhi?
- Ni sauti gani ukiisikia unamkumbuka mtu fulani?
- Uliwahi kuficha nini?
- Lini ulicheka mahali usipopaswa kucheka?

Swali la kovu halijawahi kuniangusha. Kila mtu ana kovu, na kila kovu lina hadithi iliyo tayari, yenye mwanzo, kati na mwisho.

Orodha ikiisha, mwanafunzi achague kimoja, kisha akipime kwa kipimo ninachokiita cha saa moja: je, jambo hili lilitokea ndani ya saa moja au pungufu? Kama jibu ni hapana, akikate. "Mwaka wangu wa kwanza shuleni" haukatiki mezani kwa siku moja. Lakini ndani ya mwaka huo ipo dakika ambayo jina lake liliitwa vibaya na darasa zima likageuka kumtazama. Aandike dakika hiyo.

Hapa panahitaji tahadhari. Baadhi ya wanafunzi wataandika misiba, vipigo, kutelekezwa. Wengine watakaa na karatasi tupu kwa sababu hilo ndilo jambo pekee linalowajia kichwani, nao hawataki kuligusa. Sema wazi kabla hawajaanza: hakuna anayelazimika kuandika jambo linalomuumiza, na mwanafunzi ana haki ya kuandika jambo kisha asimsomee mtu. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio machungu pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, ingawa katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko wengine. Walimu hupenda kuikumbuka nusu ya pili ya habari hiyo na kuisahau ya kwanza. Tena wale walikuwa vijana wa chuo, na hakuna aliyewarudishia maandishi yakiwa na alama nyekundu. Wewe una mtoto ambaye kengele ikilia ataingia kipindi kingine akiwa na uchungu uliomwamsha. Akiandika jambo zito, usilipe alama. Zungumza naye faragha, na kama limemhatarisha, fuata utaratibu wa shule yako wa kumlinda.

Hatua ya tatu: kusema kabla ya kuandika

Hii ndiyo hatua ambayo nisingeiacha hata kwa dawa. Wapange wawili wawili. Wa kwanza anasimulia kisa chake kwa dakika mbili huku mwenzake akisikiliza bila kukatiza. Kisha msikilizaji anauliza maswali matatu. Wanabadilishana. Halafu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, kila mmoja anahamia kwa mwenzake mpya na kusimulia kisa kilekile tena.

Usimulizi wa pili huwa tofauti kabisa na wa kwanza. Sehemu zilizomchosha msikilizaji zimefupishwa zenyewe. Jambo aliloulizwa mara ya kwanza sasa limeingizwa mahali pake. Mwanafunzi amehariri bila kujua kwamba anahariri, na bado hajaandika hata herufi moja.

Maswali ya msikilizaji yafundishwe, maana yapo yanayofungua kisa na yapo yanayokifunga. "Uliogopa?" hufunga: jibu ni ndiyo au la. "Ulikuwa umeshika nini mkononi?" hufungua. Mengine yanayofungua ni kama "Ulisikia nini kabla hujaona chochote?", "Nani mwingine alikuwepo, na alikuwa akifanya nini?" na "Alisemaje hasa?"

Lipo pia la kuangalia kwa upande wako, mwalimu, unapozunguka kati ya madawati. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa na mwendo gani. Walibadilisha kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha kubamizana, walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha upole, cha kugusana tu, walikadiria 31.8. Kumbukumbu ni laini, na neno la mwenye kuuliza linaacha alama juu yake. Ukimwuliza mtoto "Ulipolia, nani alikubembeleza?", usishangae akilia kwenye insha ingawa siku ile hakulia. Uliza, "Halafu?" Ni swali fupi, halina sumu, na linatosha mara tisa katika kumi.

Wanafunzi wakubwa mara nyingi huuliza: nisipokumbuka maneno kamili, je, naruhusiwa kuyatunga? Jibu langu ni kwamba anaweza kuyajenga upya kwa jinsi mtu yule alivyokuwa akizungumza, na pale ambapo hana hakika kabisa, aseme hivyo. "Kama sikosei" na "nadhani alikuwa amevaa koti" ni maneno yanayompa msimulizi uaminifu. Kutunga mtu ambaye hakuwepo ni jambo jingine, na hilo tuliachie hadithi fupi.

Hatua ya nne: visanduku sita

Kwenye nusu ukurasa mwanafunzi achore visanduku sita mfululizo na aweke katika kila kimoja mchoro wa haraka au maneno matatu: nini kilitokea, kikafuata nini, kikafuata nini. Asiyejua kuchora achore watu wa vijiti. Cha kwangu huwa hivi: mlango – jina ubaoni – ngeli – kikohozi – rula – kufuta ubao.

Sasa aulizwe: moyo wako ulidunda zaidi kwenye kisanduku kipi? Akikolezee. Kisanduku hicho kimoja kitachukua takriban nusu ya insha nzima. Vingine vitano vigawane nusu iliyobaki. Wanafunzi hupinga, kwa sababu wamezoea kuipa kila hatua haki sawa: kuamka aya moja, kuoga aya moja, kusafiri aya mbili, na tukio lenyewe mistari mitatu kwa kuwa muda umekwisha. Waambie msimulizi ndiye mwenye saa. Anaweza kuirusha asubuhi nzima kwa maneno matano, na akaisimamisha sekunde moja ukurasa mzima.

Hatua ya tano: sarufi ya jana

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu Kiswahili kimempa msimulizi vyombo vizuri vya kusemea yaliyopita, na wanafunzi wengi hutumia kimoja tu. Andika ubaoni:

*Nilifungua mlango. Niliingia. Niliandika jina langu. Nilianza kufundisha.*

Soma kwa sauti. Inasikika kama mtu anayeandikisha maelezo baada ya wizi. Sasa andika:

*Nilifungua mlango, nikaingia, nikaandika jina langu, nikaanza kufundisha.*

Kiambishi -li- kimefungua njia, na -ka- imepita juu yake hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kufundisha: -li- huweka tukio katika wakati uliopita, -ka- hufuatisha tukio linalozaliwa na lile lililotangulia. Kwa hiyo -ka- hudai mpangilio. Waulize darasa tofauti ya "niliteleza nikaanguka" na "nilianguka nikateleza". Watacheka, kisha wataelewa zaidi kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Lakini -ka- nayo huchosha. Kumi mfululizo hugeuka mbio zisizo na pumzi. Mimi huwaambia baada ya tatu au nne watue: wabadilishe sentensi, waingize maelezo ya mahali au maneno ya mtu, kisha waanze upya na -li-. Si kanuni ya kitabu, ni kipimo cha sikio, na mwanafunzi akisoma kwa sauti hulisikia mwenyewe.

Kukanusha mfululizo huo pia huwatatiza. Tendo lisilotokea katikati ya mlolongo kwa kawaida huchukua -ku-: *Nikamwita, hakuitika, nikamwita tena.*

Chombo cha pili ni -ki-, kinachoonyesha matendo mawili yakienda pamoja: *walinitazama wakinong'ona, nilimsikia akikohoa.* Hapa tukio haliendi mbele, linapanuka. Ndiyo maana ni kiambishi cha kile kisanduku kilichokolezwa. Mwanafunzi anapotaka kusimamisha saa, -ka- zipungue na -ki- ziongezeke. Atauliza kama -ki- si ile ya masharti, ya "ukija nitakupa". Ndiyo, umbo ni lilelile, na muktadha ndio unaotenganisha.

Cha tatu ni vitenzi viwili vinavyoandamana. *Nilipoingia, wanafunzi walikuwa wakizungumza* inatupa mandhari: jambo lilikuwa linaendelea tayari. *Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni* inatuambia alisimama kabla sijageuka, na hatujui tangu lini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba aibu yangu yote. Ningeandika "nilipogeuka, akasimama mlangoni", ungedhani alifika wakati huohuo. Lakini alikuwa *amesimama*. Amesikia ngeli ngapi?

Wenye uwezo zaidi waonyeshe jinsi wasimulizi wazuri wanavyoivuta jana ije leo kwa ghafla: *Nikageuka, na huyo amesimama.* Kwenye *amesimama* hakuna -li-, hakuna -ka-. Msomaji yupo mlangoni. Ni kama chumvi, kidogo kinatosha.

Makosa yanayojirudia yanastahili dakika zake. Andika haya mapema ubaoni:

*Nikakuja, akakula.* Vitenzi vya silabi moja huhifadhi *ku* baada ya -li- na -me- (nilikuja, amekula), lakini baada ya -ka- na -ki- huiacha: nikaja, akala, akija.

*Kabla sikugeuka.* Sahihi ni *kabla sijageuka* au *kabla ya kugeuka*. Baada ya "kabla", jambo lilikuwa bado, na "bado" kwa Kiswahili ni -ja-.

*Kila asubuhi hupanga mstari* kwa mambo ya miaka mingi iliyopita. Hu- ni mazoea yasiyofungwa na wakati, na msomaji atadhani bado unapanga. Kwa mazoea yaliyokoma, *tulikuwa tukipanga mstari*.

Zoezi la kufungia hatua hii: wape aya yenye vitenzi vilivyoachwa bila viambishi, wajaze wawili wawili, kisha watetee uchaguzi wao.

*Kengele (kuwa) (lia) nilipofika. Ni(sukuma) mlango taratibu, ni(ingia), ni(tafuta) kiti cha nyuma. Watu wawili wa(nitazama) wa(tabasamu). Kabla (mimi, kaa), mtu (ita) jina langu.*

Majibu yanayokubalika ni zaidi ya mamoja, na mabishano ndiyo somo. "Kengele ilikuwa imelia" na "kengele ilikuwa ikilia" zote ni sahihi, ila katika ya kwanza umechelewa, katika ya pili bado una tumaini. Mwanafunzi akieleza hivyo kwa maneno yake, sarufi imemwingia.

Hatua ya sita: kuondoa ya kukariri, kuweka ya kuonekana

Jua lililochomoza, ndege walioimba, "wahenga hawakukosea waliponena": hivi ni viraka. Mwanafunzi huvishona mwanzoni kwa sababu amewahi kupewa alama kwa ajili yake, na si kosa lake. Simkatazi methali. Namwuliza swali moja: siku hiyo uliwaona ndege? Kama aliwaona na wanahusika, wabaki. Kama hakuwaona, awafukuze.

Pahali pao paingie alichokiona, alichokisikia, alichokigusa. Rudi kwenye neno lililo kona ya ubao. *Rula*. Kila mwanafunzi atafute rula ya kisa chake: kitu kimoja, cha kushikika, ambacho msikilizaji wake alikikumbuka. Amwulize mwenzake kama hakijui.

"Niliogopa sana" igeuzwe kuwa mwili. Ulipoogopa, miguu ilifanyaje? Midomo? Uliangalia wapi? Kiswahili kinatusaidia hapa kwa tanakali zake, ambazo kwa neno moja hufanya kazi ya sentensi nzima: kimya *jii*, giza *totoro*, kuanguka *pu*, kulowa *chepechepe*, kufunga *ndi*. Watoto huzijua nyingi kuliko tunavyodhani, hawajui tu kwamba zinaruhusiwa kwenye insha. Ziruhusu. Mbili tatu katika ukurasa zinatosha.

Usemi halisi nao. Sharti langu ni sentensi moja tu iliyosemwa na mtu, ndani ya alama za mtajo, tena isiwe salamu. "Endelea tu, Mwalimu, mimi nitasubiri" inamweleza yule mwalimu wa hisabati kuliko aya ya sifa zake.

Hatua ya saba: rasimu

Dakika ishirini, kalamu isisimame. Kufuta marufuku, asiyependa neno alipige mstari aendelee. Tahajia itasubiri. Asiyejua neno aache nafasi au alichore. Mwanafunzi mwenye shida ya kuandika anaweza kusimulia kwenye simu inayorekodi, kisha akaandika huku akijisikiliza, ama mwenzake akamwandikia. Na wewe andika pia, mbele yao.

Mwanzo uwe karibu na kisanduku kilichokolezwa, aya moja au mbili kabla yake. Anayeanzia kitandani alfajiri atachoka kabla hajafika.

Mwisho ndio unaowashinda wengi, kwa sababu wamefundishwa kufunga kwa funzo. "Tangu siku hiyo nilijifunza…" naomba isionekane. Badala yake kuna njia inayohitaji uangalifu zaidi. Katika kila maandishi ya mambo yaliyopita kuna watu wawili wanaoitwa *mimi*: yule aliyepatwa na jambo, na huyu anayeandika sasa. Yule alijua machache, huyu anajua zaidi. Mruhusu huyu wa pili aseme sentensi moja, popote itakapokaa: *wakati ule nilidhani ananidhihaki, leo nadhani alikuwa akinionea huruma.* Huko ndiko kutafakari, na hakufanani na mahubiri. Kisha kisa kiishie kwenye tendo au kitu. Mimi huishia na kiganja: dasta sikuiona, basi nikalifuta jina langu kwa mkono, nikatoka nje nikiwa na chaki mpaka kwenye kifundo.

Hatua ya nane: kurekebisha

Kusahihisha tahajia na kurekebisha kisa ni kazi mbili, zifanyike siku mbili. Ukichanganya, mwanafunzi atashughulikia herufi kubwa na kuacha shimo lililo katikati ya kisa.

Siku ya kwanza, kwenye kila rasimu naandika mambo matatu tu: mstari nilioupenda, mahali nilipopotea, na swali moja ambalo nilitaka kuuliza nikiwa nasoma. Basi. Ukiwa na wanafunzi sitini, huwezi kufanya hivyo kwa wote wiki moja. Soma rasimu kumi na tano, na zilizobaki zisomwe na wenzao kwa mambo hayohayo matatu. Mwanafunzi ataongeza mahali pamoja na kupunguza mahali pamoja. Kumwambia "andika upya yote" ni adhabu, na huleta nakala safi ya makosa yaleyale.

Siku ya pili ni ya lugha. Apige mstari chini ya kila kitenzi na kutazama kiambishi chake cha wakati. Mara nyingi atakuta amehama kutoka -li- kwenda -na- bila sababu. Kisha herufi kubwa, nukta, alama za mtajo.

Watu wengine waliomo kwenye kisa wakumbukwe pia. Hawakuomba kuandikwa. Majina yabadilishwe, na siri ya mtu mwingine isisomwe hadharani bila ridhaa yake.

Ukilazimika kutoa alama, mgao wangu kwa 20 ni huu: 8 za kisa chenyewe, yaani kimechaguliwa kidogo, kimekolezwa mahali pake, kinaonekana, 6 za matumizi ya nyakati, 4 za maneno na usemi, 2 za tahajia na alama. Wapo watakaosema tahajia nimeidharau. Itapata alama zake nyingi siku ya imla.

Hatua ya tisa: kusomwa

Kila insha ipate msomaji asiye mwalimu. Kaa duara, wanaopenda wasome, wengine wapitishe daftari mkono kwa mkono, na asiyetaka cha kwake kionekane akiweke mkobani bila kuulizwa. Baada ya kila kisa, usiruhusu makofi wala maoni kwa nusu dakika. Halafu kila msikilizaji aandike kwenye kipande cha karatasi kitu kimoja alichokiona, neno moja au mawili, na kumpa msomaji. Mwanafunzi yule wa mbwa, safari hii, aliondoka na vipande ishirini na saba. Kumi na tisa vilikuwa na neno moja: *kiatu*. Alikuwa amekimbia na kimoja tu, na kwenye rasimu ya kwanza hakukitaja kabisa.